Mwanangu kapangiwa shule ya ujenzi, nimpeleke au nimtafutie nyingine?

Barua za mwezi huu ni kama mlikaa kikao. Karibu zote zinaulizia ile shule mpya ya sekondari ya amali, yaani ya ufundi, iliyofunguliwa nje kidogo ya mji wetu wa Dodoma, ile ambayo mtoto anasoma Hisabati na Kiingereza kama wenzake wa shule nyingine halafu siku hiyohiyo anavaa ovaroli anaingia karakana kujifunza uashi, useremala, bomba na umeme wa majumbani. Nimechukua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu sana mnisamehe, ila swali lake nalisikia kila mahali, msibani, kanisani, hata kwenye daladala ya Sabasaba, na linaniuma.

Mama wa Nkuhungu anauliza

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu nauza mboga soko la Majengo. Kijana wangu wa kwanza kamaliza la saba vizuri tu, hesabu anaziweza, sasa majina yalivyotoka kapangiwa hiyo shule ya amali fani ya ujenzi. Tangu siku hiyo sina raha. Jirani kaniambia "mtoto wako wamemfanya saidia fundi", shemeji yangu naye anasema huko wanapelekwa waliofeli, niuze mbuzi wangu tumtafutie shule ya kulipia akasome sayansi awe daktari. Mimi shule niliishia la nne sijui nimsikilize nani. Nimpeleke au nimtafutie nyingine?

Jibu

Marahaba mwanangu, pole na mawazo. Mbuzi waache kwanza wabaki zizini.

Hilo la waliofeli najua linatoka wapi. Kwa miaka mingi huku kwetu mtoto akianguka kidato cha nne ndo mzazi anakumbuka ufundi, "basi kajiunge VETA upate hata uashi", kwenye vile vyuo vya ufundi stadi, yaani ufundi ukawa kama ndoo ya kukingia wale waliodondoka, na watu wakazoea hivyo mpaka wakasahau kwamba zamani haikuwa hivyo. Mimi nimesoma moja ya zile sekondari za ufundi za zamani, zilikuwepo Ifunda, Moshi, Tanga, Mtwara, Bwiru, Musoma, Iyunga, na barua yangu ya kupangiwa ilivyofika kijijini baba alichinja jogoo. Hakuna aliyesema nimefeli. Tulichora ramani, tulipiga randa, tulisoma Fizikia, jioni mikono imejaa malengelenge na usiku tunafanya hesabu. Mwanao ametoka la saba akiwa amefaulu, amepangiwa kidato cha kwanza kama wenzake wote, sasa kufeli kumeingilia wapi?

Kilichobadilika ni hiki. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imegawa sekondari kwenye mikondo miwili, kuna wa elimu ya jumla na kuna wa elimu ya amali. Wa amali ulianza Januari 2024 kwa watoto wa kidato cha kwanza, kwa hiyo hao wa kwanza kabisa wanafika kidato cha nne 2027. Mtoto wa amali haachi masomo, anasoma Hisabati, Kiingereza, Elimu ya Biashara na Historia ya Tanzania na Maadili, halafu juu ya hayo anabeba fani yake. Na mwisho anatakiwa atoke na vyeti viwili, kimoja cha kidato cha nne cha NECTA, wale wa baraza la mitihani, na kingine cha ufundi kinachotambuliwa na NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi. Jirani yako mwambie hivyo, taratibu tu, usigombane naye.

Sasa kuhusu "saidia fundi". Nikwambie kitu ambacho nimekiona kwa macho yangu. Mwaka mmoja nilikuwa fomeni, yaani msimamizi wa mafundi, kwenye saiti hapahapa mjini, lori likaleta nondo, duka silitaji. Mimi nikaziangalia nikaona ziko sawa, nikasaini. Kulikuwa na kijana wa shule ya ufundi kaja kujifunza kazi, ndo kwanza wiki ya pili, akaomba mzani. Akaniambia fomeni, nondo ya milimita 12 unachukua 12 unazidisha kwa 12 unapata 144, unagawa kwa 162, inakuja kama 0.89, hizo ndo kilo za kila mita moja, kwa hiyo nondo nzima ya mita 12 lazima ikaribie kilo 10.7. Tukapima. Mzani ukasoma kilo nane na kitu. Tukapima nyingine, vilevile. Mzigo mzima ulirudi dukani siku ileile, na zile nondo zilikuwa ziende kwenye slabu ya ghorofa ambayo watu wangekaa juu na chini yake. Yule kijana alikuwa hajajenga hata chumba kimoja maishani mwake, ila hesabu za darasani alikuja nazo saiti.

Ndo maana siku zote nasema mtoto akisoma hivi viwili pamoja, hesabu inamkaa kichwani kuliko mtoto anayeiona ubaoni tu. Angalia hata kupiga kona ya msingi. Fundi anafunga kamba mbili zinazokutana kwenye kona, kuanzia hapo kwenye moja anapima futi 3 anaweka alama, kwenye nyingine futi 4 anaweka alama, halafu anapima kutoka alama hadi alama, ikija futi 5 kamili kona ni nyuzi 90, isipokuja anasogeza kigingi. Mafundi wetu wanajua 3, 4, 5 bila kujua imetoka wapi, na mtoto darasani anaimba Pythagoras bila kujua inamsaidia nini. Mpe vyote viwili uone. Tofali nazo, bloku ya inchi 18 kwa 9 ukiijenga ukuta, mita moja ya mraba inakula kama tofali 10, sasa mpe mtoto chumba chenye mlango na madirisha mawili akutajie idadi, hapo anafanya eneo, anafanya kutoa, anafanya na asilimia ya zitakazovunjika.

Na hapa Dodoma ndo kabisa tunawahitaji. Serikali imehamia huku, mji wa Serikali pale Mtumba unajengwa tangu mwishoni mwa 2018, reli ya SGR imefika, Msalato panajengwa uwanja wa ndege, huko Iyumbu na Nzuguni viwanja vinaota nyumba kila wiki. Halafu tembea mitaani uangalie hizo nyumba. Nyufa. Ukuta umepasuka kwa ngazi ngazi kufuata viungo vya tofali, unakuta mwenye nyumba anaziba na saruji kila mwaka na kila mwaka unapasuka tena. Sehemu nyingine ni udongo, kuna maeneo yetu yana udongo mweusi wa mbuga ambao mvua za Desemba zikianza unavimba na kiangazi unasinyaa, na msingi uliochimbwa futi mbili unacheza nao. Sehemu nyingine ni zege lililouawa na jua. Watu wanadhani saruji inakauka kama nguo, hapana, saruji inashika kwa kuungana na maji, ni kemia hiyo, maji yakiondoka mapema kazi inaishia njiani. Na huku kwetu kuna jua, kuna upepo, hewa kavu, slabu ukiimwaga asubuhi mchana upepo umeshanyonya maji yake. Inatakiwa imwagiliwe siku saba angalau, ifunikwe na magunia mabichi, na nguvu yake inapimwa siku ya 28. Fundi aliyeelewa sababu hatakwepa kumwagilia hata kama bosi hayupo. Babu zetu Wagogo walijenga tembe, ukuta mnene wa udongo na paa la bapa, ndani pana ubaridi wakati nje panawaka, walikuwa wameisoma hii hali ya hewa vizuri kuliko sisi tunaoezeka bati tupu bila dari halafu tunalalama joto.

Kwa hiyo jibu langu ni mpeleke. Ila usimpeleke ukiwa umefumba macho, maana hapa sitakudanganya, kuna shule imeandikwa amali kwenye kibao na karakana ni chumba kitupu kina misumeno miwili. Niliwahi kutembelea moja, siyo hii ya huku, watoto wa kidato cha pili walikuwa wameandika daftari zima kuhusu pima maji, kile kifaa cha kuangalia kama ukuta umenyooka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuishika. Niliumia sana siku ile.

Nenda siku ya kazi, siyo siku ya wazazi. Nenda mida ya saa nne asubuhi, omba kuona karakana ya uashi, na usiangalie rangi ya jengo, angalia chini. Karakana inayofanya kazi ina kuta za mazoezi, watoto wanajengea chokaa na mchanga bila saruji ili ukuta usishike moja kwa moja, mwalimu anakuja na timazi, ile kamba yenye uzito wa kupimia wima, na pima maji anapima, anaandika maksi, halafu wanabomoa, wanakwangua tofali, anaanza mwingine. Kwa hiyo tofali zake zinakuwa zimechakaa, zina meno, zina weupe wa chokaa. Ukiona hivyo furahi. Ukikuta ukuta mmoja umesimama safi haujaguswa tangu kufunguliwa shule, uliza watoto wanafanyia wapi vitendo. Halafu muulize mwalimu maswali haya bila kuogopa, hata kama uliishia la nne ni haki yako: walimu wa fani wako wangapi na watoto wangapi, vitendo kwa wiki ni vipindi vingapi, watoto wanaenda saiti lini na nani anawasimamia, na mwalimu wa Hisabati yupo au hayupo. Hilo la mwisho usilisahau. Wazazi wengi wakifika huko wanauliza nyundo tu.

Ada kwenye shule ya serikali hakuna mpaka kidato cha sita, hilo unalijua. Lakini uliza ovaroli, buti ngumu za kazi, na kama ni bweni uliza utaratibu wa chakula, usije ukashtukizwa katikati ya muhula. Buti usimnunulie za mtumba zilizolainika mbele, msumari wa mbao za kumwagia zege unatoboa hizo kama karatasi.

Na huyo shemeji anayetaka daktari, mtoto mwenyewe mmemuuliza? Barua yako yote ndefu sijaona umeandika yeye anasemaje.

Binti wa kidato cha pili, Chamwino, anauliza

Shikamoo babu, mimi nasoma amali fani ya uashi, darasa letu wasichana tuko wanne tu. Wavulana wanasema tutaishia kupaka rangi. Mwalimu mmoja naye kila tukienda vitendo anatuambia sisi tufagie karakana na tuandike majina. Mimi nataka kujenga. Halafu mfuko wa saruji siwezi kuubeba. Nifanyeje?

Jibu

Marahaba mjukuu wangu. Nimesoma barua yako mara mbili.

Mfuko wa saruji ni kilo 50. Hata huyo mvulana anayejisifu haitakiwi aubebe peke yake kutwa nzima, mgongo wake utamdai akifika miaka 40, mimi wangu unanidai sasa hivi. Toroli lipo kwa kazi hiyo, na mnaweza kunyanyua wawili. Uashi unapimwa kwenye mstari, ukuta wako ukiwa wima kwa timazi, mistari ya mlalo imenyooka, viungo vina unene mmoja, hapo umemaliza, hakuna atakayeuliza saruji ilibebwa na nani. Nimefanya kazi na akina mama wawili wapiga lipu, lipu yao ukipitisha rula ndefu ukutani huoni mwanga unapenya hata sehemu moja, matajiri walikuwa wanawasubiri wiki tatu wamalize kazi nyingine.

Rangi siyo kazi ya kudharau, ni fani yenye pesa, ila isiwe umeingizwa humo kwa sababu ni msichana. Kuhusu huyo mwalimu, kufagia karakana ni kazi ya wote kwa zamu. Nyie wanne mkae mwandike kwenye karatasi tarehe za vitendo na kila mmoja alifanya nini siku hiyo, wiki tatu zinatosha, halafu mpelekee mwalimu wa malezi au mkuu wa shule, mkiwa wote. Semeni kwa heshima kwamba mtihani wa vitendo utawapima kwa mwiko na nyie mwiko hamshiki. Mkuu wa shule akiona tarehe zimeandikwa hawezi kuchukulia juu juu.

Na mkienda saiti, kama fundi au yeyote anakushika au anakusemesha maneno ya ovyo usikae nalo kimya ukidhani ndo mambo ya saiti. Mwambie mwalimu siku hiyohiyo, kuna dawati la jinsia na watoto polisi, kuna namba ya simu kwa watoto 116 unapiga bure. Mzazi wako pia ajue saiti mnayopelekwa iko wapi.

Baba wa Kongwa anauliza

Mwalimu, mtoto akisoma hii amali ya ujenzi ndo basi hawezi kwenda chuo kikuu? Nataka awe injinia.

Jibu

Anaweza ndugu yangu. Cheti chake cha NECTA ni cha kidato cha nne kama cha wengine. Kwa anayetaka uinjinia wa ujenzi mimi naipenda njia ya diploma, anatoka kidato cha nne anaingia DIT, taasisi ya teknolojia pale Dar, au Chuo cha Ufundi Arusha, au MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia Mbeya, miaka mitatu anatoka fundi sanifu, halafu anaunga digrii. Anafika chuoni tayari anajua zege linavyonuka, wenzake wanaliona kwenye picha. Ila sikia, hivyo vyuo vinaangalia ufaulu wa Hisabati na masomo ya sayansi, kwa hiyo leo hii uliza shuleni kama Fizikia na Kemia anaweza kuzichukua pamoja na fani yake. Usisubiri kidato cha nne ndo uulize, hapo umeshachelewa.

Fundi wa Chang'ombe anauliza

Mwalimu habari za kazi. Mimi nina miaka 34, niliishia la saba, uashi nimejifunza kwa mjomba nikiwa na miaka 16, nyumba nilizosimamisha Kisasa, Ilazo na Nzuguni siwezi kuzihesabu. Sasa hivi kila saiti kubwa wanauliza cheti. Juzi nimekataliwa geti la saiti moja wakachukua kijana hajui hata kuchanganya mota vizuri ila ana karatasi. Hizi shule mpya zikitoa vijana si ndo tumekwisha sisi?

Jibu

Salama fundi, na pole kwa hilo la getini, najua linavyouma kurudi na mwiko wako kwenye begi.

Kuna kitu kinaitwa urasimishaji ujuzi, VETA wanafanya, na ni kwa ajili ya mtu kama wewe uliyejifunzia kazini. Huanzi upya. Wanakupima kwa mahojiano na kwa vitendo, wanaangalia unajua nini na wapi pana pengo, pengo linafundishwa kwa muda mfupi, halafu unapewa cheti. Nenda VETA Dodoma ukaulize awamu inayofuata inaanza lini na gharama yake, nenda mwenyewe usitume mtu na usimpe pesa dalali yeyote anayekwambia cheti kinapatikana wiki hii. Kabla ya kwenda piga picha kazi zako, siyo nyumba ikishapakwa rangi, piga ukuta ukiwa uchi kabla ya lipu, piga msingi, piga linta nondo zikiwa zimefungwa kabla hamjamwaga zege. Mpimaji mzuri anaangalia hapo.

Pengo lako nahisi litakuwa kwenye kusoma ramani. Wengi wa rika lako mnajenga kwa kuambiwa, "chumba futi 12 kwa 12 mlango huku", na saiti kubwa wanakupa karatasi yenye vipimo vya milimita na maneno ya Kiingereza. Anza sasa hivi. Muombe fomeni yeyote unayemjua akupe ramani ya zamani, kaa nayo jioni, tafuta kwanza mlango uko wapi, kisha tafuta ukuta una unene gani, kisha soma ule mchoro wa kukata unaoonesha msingi umeenda chini kiasi gani. Mwezi mmoja utaizoea.

Kuhusu vijana kuwanyang'anya kazi, mimi nawaona hawa watoto tofauti kidogo. Wana hesabu, hawana mkono. Mkono unao wewe. Walimu wao wanahangaika kutafuta mafundi wa kuwapokea watoto wakati wa likizo, na wengi wanaopokea wanawatumia kuchota maji tu basi. Ukishapata karatasi yako nenda pale shuleni, muulizie mwalimu wa ujenzi, mwambie unaweza kuchukua wawili ukawafundisha kuweka tofali la kona. Na wakija, waambie na wao wakuoneshe ile hesabu ya nondo niliyomwandikia mama wa Nkuhungu hapo juu, beba mzani mdogo wa kuning'iniza, upime mzigo wako wa kwanza kabla lori halijaondoka.